Hina ya Kurudi Salama

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuiloweka hina kabla sijashuka kwenye boti. Nilikuwa natoka Mombasa, na kijispringi cha waya ndani ya mshipa mmoja wa moyo na plasta ndogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Binti yangu alinishika upande wa kushoto akinipandisha ngazi za gati kwa uangalifu wa mtu aliyebeba trei ya mayai. Safari ya basi mpaka Mokowe, tunakopandia boti, ilikuwa imenichosha, lakini nilipokanyaga kisiwa nilimshukuru Mola kwa sauti hata watu wakageuka. Nilipoondoka nilikuwa nimewaomba radhi wenzangu mmoja mmoja, kama aombavyo mtu asiyejua kama atarudi.

Kwetu mwanamke akitoka kwenye jambo zito akarudi mzima hupakwa hina. Anayetoka Makka hupakwa, anayemaliza arubaini ya uzazi hupakwa. Mdogo wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja pale Wiyoni tangu sote wawili tulipofiwa na waume, alikuwa amekata shauri kwamba kutoka mikononi mwa madaktari wa moyo ni kuzito kuliko yote hayo.

"Wamekupasua kifua, dada, na umerudi unatembea!"

"Hawakunipasua. Wamepitisha mrija mwembamba hapa mkononi, ukapanda mpaka moyoni."

"Mpaka moyoni, nawe umekaa hapa wanihadithia. Basi ni hina ya mikono na miguu."

Jirani yetu, ambaye hana siku anayokosa la kusema, alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha kahawa. "Hina ya nini kwa mjane? Ama daktari ameposa?"

"Ameposa," akajibu mdogo wangu, "na mahari ameitia ndani ya moyo, haitoki tena."

"Waya huo? Siku moja utamsikia anasoma taarifa ya habari."

Tulicheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu baadaye, kwa majuma mengi, nyumba ile haikucheka sana.

Hapa nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayatakuwa na uzito. Daktari wa Mombasa alinieleza kabla ya kuanza kwamba kuna njia mbili za kufika moyoni. Mrija unaweza kuingizwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, au kwenye mshipa mkubwa wa kinenani. Alipima mkono wangu wa kushoto akaona mshipa wake ni mwembamba mno. Wa kulia ulifaa. Nilimwambia, "Mkononi, mwanangu. Mkononi, tafadhali." Alinielewa bila ya kuniuliza zaidi, na nilimwombea dua kwa hilo. Kazi ilikwenda vizuri, lakini mishipa ya moyo iliyobana ilikuwa miwili, na aliufungua mmoja tu. Wa pili alisema tuupe muda, nipumzike, kisha nirudi apite njia ile ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na moyo uliotengenezwa nusu, na mkono wa kulia ndio mlango wa nusu iliyobaki.

Waliponiruhusu walituagiza nisinyanyue kitu kizito na nisikibane kifundo. Tulilisikia agizo hilo sote, na mdogo wangu alielezwa. Ndiyo maana alipopaka hina aliiogopa plasta ile kama kaa la moto. Alinipaka vidole mpaka juu ya kucha, akajaza viganja, akapanda nyuma ya mkono, akaishia mbali na kidonda. Kisha akafanya kama tufanyavyo siku zote: akavifunika viganja kwa vitambaa, akavivisha mifuko ya plastiki ili nisichafue shuka, akafunga kwa ukanda wa leso. Mkono wa kulia akafungia juu kidogo ya plasta, upande wa kiwiko, ili asikiguse kidonda. Alifunga kwa mapenzi, na kwa mapenzi alikaza. Kila mmoja wetu aliliona agizo la daktari kuwa ni la kidonda, na kidonda kilikuwa wazi, hakikuguswa. Nilikuwa nimekwisha kusali adhuhuri. Nikajilaza na uchovu wangu wa basi, nikalala mpaka alasiri ikiita.

Waliponifungua, hina ilikuwa imekolea vizuri ajabu. Mkono wa kulia ulikuwa na ganzi, na baridi.

"Hina yapoza," mdogo wangu alisema.

Kila mtu anajua hina inapoza. Mtu mwenye homa hupakwa nyayoni. Sikuwa na sababu ya kubisha.

Siku zilizofuata ganzi ilipungua, ikabaki kama sisimizi wanaotembea ndani ya vidole. Nilikuwa nikimshonea mkwe wangu kofia ya vito, ile inayoshonwa kwa mkono tundu moja baada ya jingine. Nilikuwa nimezoea kumaliza safu moja kati ya alasiri na magharibi huku nikisikiliza wanawake ninaowasomesha darsa la dini wakirudia masomo yao. Sasa sindano ilikuwa inaniponyoka. Vidole vilichoka upesi, nikavipangusa kwenye leso, nikaanza tena, nikaacha. Rangi ya vidole haikunionyesha chochote. Kama vilikuwa vimepauka au vimekuwa samawati, hina nyeusi-nyekundu ilikuwa imevifunika vyote, vilivyo vizima na visivyo.

Jambo lililonishtua kwanza lilitokea katika sala. Sisi tukisimama tunaweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto na kuukamata kifundo. Kidole gumba changu huangukia pale pale mshipa unapopiga, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuutia maanani. Asubuhi moja niliusikia. Ulikuwa unapiga pole pole chini ya kidole, nami nikiwa katikati ya Fatiha nikajiuliza: na wa kulia je? Nilipotoa salamu niliushika mkono wa kulia kwa kidole cha kushoto. Nikakisogeza, nikakikandamiza, nikakilegeza. Sikupata kitu.

Nilijiambia mimi si daktari. Nikaendelea na uradi wangu. Lakini utulivu uliniondoka kuanzia hapo.

Zamu ya kupima presha ilipofika nilikwenda hospitali ya hapa kisiwani pamoja na binti yangu. Muuguzi alinibana kidole kwa kile kibanio kinachosoma hewa ya damu. Mashine ikaonyesha vistari tu. Akahamia kidole kingine, kisha kidole cha mguu.

"Bibi, umepaka hina mpaka huku?"

"Mikono na miguu."

"Mashine hii hina inaifumba macho. Nipe sikio." Alinibana ndewe ya sikio, namba zikaja nzuri, akatabasamu. Kisha akashika kifundo changu cha kulia ili ahesabu mapigo, kama mtu afanyavyo kwa mazoea akizungumza mambo mengine. Mazungumzo yakakatika. Akasogeza vidole. Akashika wa kushoto, akarudi wa kulia.

"Walipitia mkono huu?"

"Huo."

"Baada ya hapo mliufunga na kitu?"

Binti yangu alinitazama. Mimi niliitazama hina.

Tulirudi Mombasa. Katika basi tulipokwisha kuipita Witu, ya moyoni mwa binti yangu yalitoka yote pamoja. "Mama mdogo aliambiwa. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Usikibane kifundo. Sasa hina ina umuhimu gani? Ungekufa bila hina?"

"Hakukibana kidonda."

"Mama, usimtetee."

"Simtetei. Nakwambia alichoelewa. Hata wewe ulikuwepo unapika, ukaja ukanitazama nimelala na mifuko mikononi, ukaniambia hina itakolea."

Baadaye aliniegemea bega, akalala. Mimi sikulala. Niliushika mkono wangu njia nzima.

Daktari alinitia mafuta baridi kwenye mkono, akapitisha mashine ya mawimbi, ile wanayowatazamia wajawazito. Kwenye kioo alinionyesha mshipa wa upande wa kidole kidogo: rangi zilikuwa zinaruka ndani yake. Kisha akahamia upande wa kidole gumba, pakawa kimya na kijivu.

"Damu imeganda hapa, bibi. Mshipa umeziba."

"Nitakatwa vidole?"

"La, la." Alinishika kiganja. "Mkono una mishipa miwili mikubwa. Huu wa pili unalisha vidole vyote. Wengi huziba wasijue. Wewe umejua kwa sababu unashona. Mkono wako uko salama."

"Na njia?"

Alinielewa. "Njia ndiyo imefungwa."

Nikamwuliza kama ni ukanda wa leso uliofanya hivyo. Nilitaka kujua kwa ajili ya mtu mmoja aliyebaki Wiyoni. Alifikiri kabla ya kujibu, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema mrija wenyewe huumiza mshipa kwa ndani, na mingine huziba hata ikitunzwa vipi. Ukanda huenda ulichangia. Hawezi kuniapia hivi wala vile.

Kisha akanieleza tiba ya kwanza, nayo ilinistaajabisha. Wangebana mshipa ule wa pili, usioziba. Ukibanwa upande mmoja, alisema, damu inayotaka kufika vidoleni hulazimika kutafuta upande wa pili, na pengine itapenya penye donge na kulisukuma. Wakanichoma sindano ya kuifanya damu iwe nyepesi, wakanivisha mkanda wenye kifuko cha hewa, wakakikaza upande wa kidole kidogo. Nikaambiwa nitulie.

Sijawahi kukaa saa ndefu kama ile. Muuguzi wa kike alikuwa akija kunitazama rangi ya vidole, anakumbuka hina, anaguna, kisha anavishika kusikia kama vina joto. Mkono ulikuwa mzito, unachoma, unataka kukunjwa. Nilitaka kusoma uradi, na tasbihi yangu huivuta kwa mkono ule. Nilianza kwa kushoto nikapotea hesabu, nikaanza upya, nikapotea. Binti yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ila nafsi yangu imesimama mlangoni na viatu mkononi.

Walipofungua na kupima, rangi kidogo ilionekana, uzi mwembamba unaokatika. "Si haba," daktari alisema. "Lakini haupitishi mrija." Akaniandikia vidonge vya kulainisha damu vya majuma kadhaa, kisha nirudi kwa mshipa wa pili wa moyo. Siku hiyo angejaribu tena mkononi. Kuna kibonde nyuma ya mkono, kwenye shina la kidole gumba, ambako mshipa ule ule hupita tena karibu na ngozi. Angeingilia hapo, chini ya palipoziba, apenye na waya laini, afungue kwa kipira kidogo kinachovimbishwa ndani ya mshipa, kisha apande moyoni.

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa mkononi, bibi, moyo hauwezi kungoja. Itabidi kinenani. Nataka nikubaliane nawe mapema."

Nilimwambia nitafikiri.

Nilirudi nyumbani na fikira hiyo. Mdogo wangu alikuwa ameambiwa kwa simu na binti yangu, na sijui kwa maneno gani. Nilimkuta amekitoa kibakuli cha hina nje pamoja na takataka.

"Mimi ndiye niliyeifunga ndia," aliniambia, akimaanisha njia ile ya mkononi.

Nilimweleza alivyosema daktari, yote mawili, la huenda ndiyo na la huenda siyo. Alisikia la kwanza tu. Akawa hanigusi. Alinipa chai kwa kuiweka mezani, badala ya kunitia mkononi. Nilikuwa na hamu ya kumwambia asifanye hivyo na sikupata maneno, nami nimeishi kwa maneno.

Majuma yale nilikuwa mtu asiyetulia. Nilizunguka ua, nikafungua kofia, nikaikunja. Wanafunzi wangu wa darsa walikuja alasiri, nikawasomesha, na mara mbili nikakatisha sentensi kwa sababu kidole kilikuwa kimekwenda chenyewe kwenye kifundo. Binti yangu alikataza. "Ukiubonyeza hivyo utauziba zaidi." Nikawa napenyeza kidole chini ya mtandio ili asinione. Katika kila rakaa wa kushoto ulikuwa unapiga. Nilimwomba Mola anisamehe kwa sala ambazo nusu yake nilikuwa nausikiliza mkono.

Lakini lililonikosesha usingizi lilikuwa jambo jingine, nalo ni aibu. Binti yangu alidhani naogopa kufa. Kufa nimejiandaa kadiri ya uwezo wangu. Nilikuwa naogopa kulala kwenye kitanda kile nikiwa na akili zangu, nguo imeinuliwa, na wanaume wameinama. Nilikuwa najua hukumu yake. Si mara moja wala mbili mwanamke ameniuliza faraghani, baada ya darsa, kuhusu daktari mwanamume na uzazi, au uvimbe, au mkojo. Nimewajibu kwa utulivu: haja ya matibabu inaruhusu, kifunuliwe kinachohitajika tu, pawe na mwanamke pamoja nawe, na usijiangamize kwa haya. Niliyasema nikiamini, na bado naamini. Ila nilikuwa nikiyasema nimeketi, nimejifunika, na walioyabeba wakaondoka nayo.

Alasiri moja aliyeniuliza alikuwa mwanamke kijana, mke wa mkulima wa Kililana. Alikuwa na jambo lake la hospitali, na mumewe alikuwa mzito kumruhusu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Bi, wewe mwenyewe ungekubali?"

Hakujua chochote kuhusu habari yangu.

"Ningekubali," nikamwambia.

Alipoondoka nilimwita binti yangu anipigie simu kwa daktari. Nilisema haraka kabla moyo haujageuka. "Mwanangu, jaribu mkononi. Ukishindwa, nenda unakoweza. Nataka mwanamke mmoja awe upande wangu, na nifunikwe kisichohitajika."

"Hilo ni haki yako, bibi, hata usingeliomba."

Mdogo wangu alikuwa jikoni akisikia. Siku ya safari nilimkuta barazani amevaa buibui, na mkoba mdogo miguuni.

"Wataka mwanamke upande wako," alisema. "Basi mimi ni nini?"

Tulipofika Mombasa hawakumruhusu kuingia katika chumba kile cha matibabu. Aliyeingia nami ni muuguzi, mwanamke mnene wa makamo, akanifunika shuka mpaka shingoni na nyingine juu yake, kisha akasimama kichwani pangu. Mkono wangu waliulaza tumboni, kiganja kimetazama chini. Walikuwa wameniandaa kote kuwili, mkononi na kinenani, ili wasipoteze muda. Hina ilikuwa imefifia, imebaki rangi ya chai kwenye ncha za kucha, na kile kibanio cha kidole sasa kilisoma.

Daktari alinichoma ganzi kwenye kibonde cha kidole gumba. Baada ya hapo nilisikia mkandamizo tu, na sauti zao. "Umepita?" "Bado." "Vuta kidogo." Kimya. "Bado." Niliutazama mwanga wa dari na kuileta istighfari bila kuihesabu. Niliona daktari mwenzake amesogea upande wa miguu, mkono wake umelishika pindo la shuka, anangoja neno. Nikajua imefika. Nikafumba macho. Nikasema moyoni kwamba nimeridhia, na nikajichunguza, nikakuta ni kweli nimeridhia, si mdomo tu. Muuguzi aliniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Subiri," daktari alisema. "Subiri, subiri. Umepita."

Yule wa miguuni akaliacha pindo.

Kipira kilipovimbishwa mkono uliniuma kwa ndani mpaka bega, maumivu ya moto unaopanda, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Daktari akauliza kama naumia. Nikamwambia naumia, endelea. Aliendelea mpaka moyoni, akautengeneza ule mshipa wa pili.

Safari hii mkanda wa kuzuia damu waliukaza kidogo mno, wakiulegeza kila mara huku wakisikiliza kama damu inapita. Mdogo wangu aliporuhusiwa kuingia, alisimama mbali na kitanda, mikono ameificha nyuma.

"Ndoo hapa," nikamwambia asogee.

"Sikugusi."

"Ndoo unishike mkono."

"Nilishaushika, ukaona."

Muuguzi yule mnene alikuwa akiandika. Alimtazama, akamshika kidole cha shahada, akakiweka kwenye kifundo changu, upande wa kidole gumba, juu kidogo ya mkanda. "Polepole. Usibonyeze. Sikia tu."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza kwa sikio. Uso wake ulikunjamana, kisha ukakunjuka.

"Yapiga," alisema. "Dada, yapiga!"

"Alhamdulillahi."

Alibaki hivyo, machozi yakimdondoka kwenye shuka, asijue kwamba kidole chake kilikuwa kimeanza kuelemea.

"Basi ondoa kidole," nikamwambia, "kabla hujaifunga njia tena."